Usilifute jina la mwenye kitabu

Dada, hicho kitabu cha picha za Japani cha 1904 ulichonunua mjini, tafadhali usilifute lile jina la wino, wala usibandue kibandiko chenye nembo ndani ya jalada. Baadhi ya wino wa zamani ukiguswa na maji husambaa, na kibandiko kikivutwa huondoka na karatasi iliyo chini yake. Tena ndivyo vitakavyokupeleka kwa mwenyewe.

Jina lililofifia lisome gizani, tochi ukiilaza pembeni ya ukurasa. Mikwaruzo ya kalamu hutoa kivuli. Lipige picha hivyo hivyo. Kama aliandika "Nairobi" na mwaka, mtafute katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, linalotoka tangu 1899. Matangazo ya mirathi ndiyo bora: hutaja jina kamili, tarehe na mahali mtu alipofia. Matoleo mengi yako mtandaoni. Ukikwama, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Ila majina hufanana, kwa hiyo linganisha miaka, na mwandiko ukiupata.

Picha za rangi za wakati ule kwa kawaida zilichapwa kwenye karatasi inayong'aa, iliyopakwa udongo mweupe. Ikilowa, kurasa hugandana, na ukizilazimisha picha inachunika. Msimu wa mvua usikifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kisimamishe rafuni, mbali na ukuta wa nje. Na selotepu isiguse ukurasa wowote, hata uliochanika: gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.