Si Kila Mwenye FOXP3 ni Tregi

Jumanne dogo mmoja wa maabara yetu hapa Dodoma alikuja mbio na kompyuta mpakato, meno yote nje. "Kaka, Tregi asilimia 34!" Tregi ni seli T za kinga zinazowazuia wenzao wasishambulie ovyo. Nikatazama geti aliyochora, yaani mipaka ya kuchagua seli kwenye grafu ya mashine, kwa protini tatu za kuzitambulia: CD4, CD25, FOXP3. Nikamuuliza seli zimekaa siku ngapi na shanga za CD3 na CD28, zile za kuzishtua seli T. Tatu. Nikatoka nje nikasimama kwenye upepo na vumbi lake, maana sikujua nicheke au nilie. Huyu ni wa nne. Naandika ili wa tano nimtumie hii, nisirudie kuhubiri.

1. Namba ikikufurahisha, ishuku.

Kwenye damu ya mtu, Tregi huwa kama asilimia 5 hadi 10 ya seli T zenye CD4. Mimi nilipopata zaidi ya 30 sikushtuka. Nilipiga simu nyumbani.

Nilikuwa nasoma uzamili, nachukua damu kwa kina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi. Makala za panya nilikuwa nimezimeza kama dua: Sakaguchi wa Japani na CD25 yake mwaka 1995, kisha FOXP3 mwaka 2003, mambo ambayo mwaka 2025 yalimpa Nobel pamoja na Brunkow na Ramsdell. Kwa panya, FOXP3 ni kitambulisho cha kuaminika. Kwa binadamu, seli T ya kawaida ukiishtua nayo huivaa FOXP3, na CD25 juu yake, siku chache tu, kisha huivua. Nami nilikuwa nimezishtua zote, kwa mikono yangu, kwa shanga za bei mbaya. Waliojiandaa kupigana na uvimbe nikawaandika kuwa ndio wanaowazuia wenzao wasipigane. Grafu ilipendeza kweli.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje, mama mpole mwenye kikombe cha chai, akaniuliza: "CD127 iko wapi, mwanangu?" Hiyo ni protini nyingine ya juu ya seli: Tregi halisi huwa nayo kidogo, seli T ya kawaida ambayo haijashtuliwa huwa nayo nyingi, na hilo limejulikana tangu 2006. Nikajibu kwamba imekwama bandarini. Uongo. Hatukuwahi kuiagiza. Akanitazama, akanywa chai. Akauliza tena: basi seli ambazo hazikushtuliwa mlipima lini? Hazikuwepo. Nilikuwa nimezimaliza zote kwenye shanga, sikubakiza hata mrija mmoja kwenye friza.

Miezi minane ikaenda. Hilo silililii sana. Ninalolikumbuka ni mama mmoja wa Mpwapwa, aliyepanda basi alfajiri kuja kutolewa damu, aliyewahi kuniuliza, "Damu yangu imesema nini?" Nilimwambia imesema mengi. Niliporudi kuomba damu upya, kitandani pake alikuwa amelala mtu mwingine.

2. Usiishie kwenye sura ya seli, uliza inafanya kazi gani.

Tregi ana silaha zaidi ya moja. Kwa CTLA-4, protini iliyo juu yake, huchomoa protini za CD80 na CD86 kwenye seli dendritiki, ile inayoamsha seli T, ikabaki haina cha kuwaamshia wengine. Hutoa saitokini, yaani ujumbe wa kemikali, za kutuliza kinga: IL-10 na TGF-beta. Na kwa ile CD25 hunywa IL-2, saitokini inayokuza seli T, kama ng'ombe waliotangulia lambo mwezi wa kumi: CD8, seli T zinazoua, wakifika, tope. Kwa hiyo changanya Tregi wako na seli T za kawaida zilizotiwa rangi, uone kama wanapunguza kugawanyika kwa hizo. Bila hapo una picha tu.

3. FOXP3 hukaa ndani ya kiini. Bafa ya kutobolea seli tunayotumia kupima saitokini haifiki huko, dogo, hata ukiomba.

4. Kontroo za FMO, mirija yenye rangi zote isipokuwa moja, kila siku, siyo siku msimamizi yupo.

5. Acheni kuwachukia.

Kila mwaka mtu huja na andiko la utafiti lenye wazo moja: tuwaue Tregi wote, saratani iishe. Mtoto anayezaliwa na FOXP3 mbovu hushambuliwa na kinga yake mwenyewe, utumbo, ngozi, kongosho. Ipilimumab, dawa ya saratani inayozuia CTLA-4, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, na wapo wagonjwa inaowaachia utumbo umewaka moto. Tena Tregi hawana tabia moja kila mahali. Kwenye saratani ya ovari, tangu 2004 tunajua uvimbe wenyewe huwaita kwa CCL22, kemikali ya kuvuta seli, na wakijaa mgonjwa haishi muda mrefu. Kwenye utumbo mpana, tafiti kadhaa ziliona kinyume. Nilipolisema hili kwenye semina, dogo wa pili kati ya wale wanne alinyoosha mkono akauliza, "Sasa kaka, ni wabaya au wazuri?" Nikamjibu aende Majengo akamuulize muuza zabibu kama jua ni baya au zuri. Alikwenda kweli. Alirudi na kilo mbili, tukala, jibu hakuleta.

CD127 ya huyu wa Jumanne imeagizwa. Nashukuru ana mirija kumi na tisa ambayo haijaguswa, kwa bahati tu, shanga zilimwishia. Mpaka mzigo ufike, kazi yake ni kubandika lebo upya kwenye friza nzima, maana aliandika kwa peni inayofutika ikiguswa na spiriti. Nayo ni hadithi yangu nyingine.