Nilivyoanza biashara ya kuandika kwa kutumia AI pale Mbagala, na vifaranga walionifundisha kazi

Ile mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri iliporudi 2024 baada ya kusimamishwa mwaka mmoja nyuma, vikundi vilimiminika kwenye steshenari za Mbagala Rangi Tatu kutafuta watu wa kuwaandikia andiko la mradi, maana ndo kitu cha kwanza unachoulizwa kata. Mikopo yenyewe haina riba, wanawake wanapata asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili, kwaiyo kila mtu alikuwa anaitaka. Akaja kwangu mama mmoja mwenyekiti wa kikundi na wenzake wanne, wanataka kufuga kuku wa mayai, vifaranga 200. Nikawauliza maswali mawili matatu pale dirishani huku natolea mtu mwingine kopi, nikaingia ChatGPT, ile programu ya AI inayokuandikia ukiiambia unachotaka, dakika kumi tu andiko likawa tayari, kurasa tisa, majedwali yamenyooka, lugha ya kitaalamu, nikaprinti nikabaindi wakanilipa 30,000 wakaondoka wanashukuru.

Baada ya wiki moja yule mama akarudi peke yake, andiko kalikunja kaliweka kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akalifungua ukurasa wa sita akaniambia "mwanangu hebu nisomee hapa." Nikasoma: mwezi wa kwanza, mauzo ya mayai trei 180. Akaniangalia. "Sisi si tumeandika tunanunua vifaranga vya siku moja? Sasa kifaranga anataga?"

Nilinyamaza sikuwa na jibu. Kuku wa mayai anaanza kutaga akifika wiki ya 18 mpaka 20 hivi, yani karibu miezi mitano yote ni kulisha tu, dawa, chanjo ya kideri na gumboro, maranda, taa, hakuna hata shilingi inayoingia. Ile mashine ilichukua kuku 200 ikawatagisha siku ya kwanza tena karibu wote kila siku, na hakufa hata mmoja. Kule walikopeleka andiko waliulizwa swali hilohilo mbele ya vikundi vingine. Aibu niliyoitengeneza mimi waliibeba wao, na iliniuma sana, bado inaniuma hata leo naandika hapa.

Nimeanza na hii kwasababu kila siku napata meseji "kaka nipe mchongo wa AI nianze biashara", na wengi wanadhani biashara ni ile dakika kumi. Hapana jamani. Ile dakika kumi kila mtu anayo kwenye simu yake, hata yule mama mtoto wake wa fomu two anayo. Anachokuja kulipia kwako ni kwamba kuna mtu kakaa chini akahakikisha kifaranga hatagi mwezi wa kwanza.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nilikuwa tayari nina kibanda, natoa kopi kwa shilingi mia, naskani, nataipu, napiga paspoti saizi, nawajazia watu maombi ya kazi za serikali kwenye Ajira Portal na ya TIN, namba ya mlipakodi. ChatGPT ilipotoka mwisho wa 2022 sikuifuatilia, nimekuja kuishika mwaka uliofuata pale dogo mmoja wa chuo aliponionyesha, nikaona barua niliyokuwa nataipu nusu saa inaisha dakika mbili. Kwaiyo mimi sikuanzisha kitu kipya, nilichukua kazi ambazo watu walikuwa wananilipa tayari nikaziharakisha, afu muda uliobaki nikaongeza kazi ambazo mwanzo nilikuwa nazikataa kama maandiko ya miradi, katiba za vikundi, na matangazo ya WhatsApp ya mama ntilie na mafundi cherehani. Ushauri wangu wa kwanza ni huo: usiulize AI inaweza kufanya nini, hiyo orodha haina mwisho utachoka, angalia watu wa mtaani kwako wanahangaika na karatasi gani, wanapanga foleni wapi, wanamlipa nani na analalamikiwa kwa kitu gani. Ukishapata hiyo ndo ufungue hiyo programu.

Sasa siku hizi nafanyaje. Yule mama nilimrudishia elfu thelathini yake yote, nikamwomba aje na wenzake Jumapili jioni kibanda kikiwa kimefungwa, tukakaa kwenye benchi na daftari. Sikugusa kompyuta saa nzima. Nikawauliza kifaranga mnanunua wapi na bei gani, mfuko wa chakula unawachukua siku ngapi, banda la nani, maji mnachota au bomba, nani alishawahi kufuga, walikufa wangapi. Yule mama akaniambia safari yake ya kwanza alipoteza karibu nusu ya vifaranga kwa baridi kwasababu mkaa uliisha usiku, na hapohapo wakakubaliana wenyewe kwamba 200 ni wengi, waanze na 100 na chakula cha miezi mitano kiwe ndani ya mkopo. Hiyo kitu hakuna mashine ingeijua. Nilivyomaliza nikaingiza yale majibu yote nikaiambia ipange tu, isiongeze namba yoyote ambayo sijaiandika, na palipokosekana iache wazi. Andiko likatoka kurasa nne badala ya tisa. Walilipeleka, safari hii halikurudi.

Hilo neno isiongeze namba nalirudia maana ndo ugonjwa mkubwa wa hizi mashine, zinajaza pengo kwa kujiamini kabisa. Kwenye CV ni hatari zaidi. Kijana anakuja anasema alifanya kazi ya stoo miezi minne, ukiiachia inaandika uzoefu mkubwa wa usimamizi wa ghala na kuongoza timu, yeye mwenyewe anafurahi inavyosomeka, afu anaitwa intavyuu anaulizwa hiyo timu ilikuwa na watu wangapi. Mimi sasa CV haitoki kibandani kabla mwenyewe hajasoma kila mstari kwa sauti na kunieleza. Wengine wanakasirika wana haraka, nawaambia subiri kaka, dakika tano tu.

Alafu Kiswahili cha hizi mashine. Kimeboreka sana kulinganisha na mwanzo ila bado kinanuka Kizungu. Barua ya kuomba kazi kwa Mkurugenzi Mtendaji inakuanzia "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa salama" kama unamwandikia shangazi, inasahau S.L.P., inasahau YAH, na mwisho inakuwekea "Kwa dhati" badala ya Wako mtiifu. Mtu wa masijala akiiona hiyo anajua hapohapo imetoka wapi. Matangazo nayo hivohivo. Dada mmoja wa mihogo na samaki nilimtengenezea tangazo la "ladha isiyosahaulika kwa bei nafuu inayokidhi mahitaji yako", akasoma akasema hili sio langu mimi siongei hivi. Nikamwambia haya ongea kama unavyowaita wateja, nikarekodi kwenye simu: "Mihogo ya nazi imekolea, changu wa leo, pilipili ya embe ipo, wahi kabla ya saa kumi na mbili." Nikayaweka yaleyale maneno yake kwenye Canva, programu ya kutengenezea matangazo, na picha niliyopiga mwenyewe mchana kwenye mwanga. AI ilinisaidia kupanga rangi tu. Hilo ndo anatuma stetasi mpaka leo.

Kuna jambo wengi hawalizungumzii na mimi naliona kubwa, siri za watu. Kibandani tunashika namba za NIDA, vyeti, taarifa za benki, barua za hospitali. Usimwage hivyo vitu ndani ya AI ili ikusaidie kujaza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu kakuamini. Mimi natoa jina, namba ya simu, NIDA, naacha maelezo ya kazi tu, jina narudisha wakati wa kuprinti. Na faili likishatumika nalifuta kwenye kompyuta mteja akiwa anaona.

Kuhusu hela, toleo la bure la ChatGPT linatosha kuanzia, mimi nimetumia la bure zaidi ya mwaka. Lile la kulipia linaloitwa Plus ni dola 20 kwa mwezi, kama elfu hamsini hivi ya kwetu, usilikimbilie mpaka kazi zenyewe zilipie, na uhesabu na bando lako la kila siku maana hilo ndo linakula kimyakimya. Laptop ya mtumba ya Kariakoo inatosha, na kama huna anza na simu, unaandika, unatuma PDF steshenari ya jirani akuprintie mnagawana. TIN katafute mapema, haitolewi kwa hela.

Bei nayo nimebadilisha. Zamani nilichaji kwa ukurasa, nikagundua najilipa kwa kurefusha na mashine inapenda kurefusha, kwaiyo mteja anabeba makaratasi ya kujaza mkoba. Siku hizi nachaji kwa kazi nzima, na marekebisho mawili ya kwanza ni bure. Na nina daftari la bei za hapahapa, mfuko wa chakula cha kuku, debe la mahindi, mita ya kitenge, ndoo ya mafuta ya kupikia, kila Jumatatu nazunguka sokoni Rangi Tatu naziandika upya kabla sijafungua dirisha.