Jibu: Nianzie wapi kumtafuta nyanya aliyekuwa mkulima?

Dada, umeuliza uanzie wapi kutafuta habari za nyanya wa mamako aliyelima Rabai, huku pwani ya Kenya, ilhali hakuacha karatasi hata moja. Anza na wazee walio hai, tena wiki hii. Usiwaulize alizaliwa mwaka gani. Uliza: vita vya Wagiriama na Waingereza vya 1914 vilimkuta msichana, au tayari ana mtoto mgongoni? Hapo umri wake utajitokeza wenyewe.

Kisha andika majina ya wajukuu na vitukuu wote, maana kwetu jina la nyanya humrudia mjukuu. Mimi wa kwetu nilimpata hivyo: binamu watatu, wa Changamwe, Likoni na Kaloleni, wote jina moja.

Kama alibatizwa, kaulizie daftari kanisani. Misheni ya Rabai ilianza 1846. Hati za shamba mara nyingi zina jina la mume au kaka, kwa hiyo usivunjike moyo usipomwona humo.

Na shambani uende mwenyewe. Mjomba alinionyesha minazi aliyoipanda nyanya, na kinu chake, ukingo umelika upande mmoja kwa kutwanga. Nilikishika nikalia. Nenda na simu yenye chaji, uwarekodi wazee wakitaja nani alizaliwa na nani.