Kabla Hujalisha Zege Bakteria, Limwagilie Maji

Kijana mmoja wa Makambako kaniandikia: "Shikamoo dada. Naomba ile dawa ya bakteria nichanganye kwenye bloku zangu za pumisi, wateja wanalalamika zinavunjika." Marahaba, mdogo wangu. (Pumisi ni lile jiwe jepesi la volkano.) Nakujibu mbele ya wote, maana sote tunataka kitu kimoja: bloku nyepesi, ngumu, na mteja anayerudi.

Dawa ya kuuza sina. Haya mambo niliyapata chuoni, hapahapa Mbeya, kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Nilipotaja bakteria mbele ya jopo, mwalimu mmoja akauliza kama zege langu litahitaji na chanjo. Watu wakacheka hadi machozi. Sijasahau. Siku hizi lori langu likipita lile geti limejaa bloku, namwambia dereva apige honi.

Bakteria niliyemtumia anaitwa Sporosarcina pasteurii, mkazi wa udongoni. Ana kimeng'enya kinachovunja urea, ileile tunayotilia mahindi. Urea ikivunjika inatoa amonia (mama mwenye nyumba wangu aliijua harufu yake kabla yangu) na kaboneti. Kaboneti ikikutana na kalisi inaganda kuwa kalisi kaboneti, ndiyo hiyo iliyomo kwenye mawe ya chokaa, na kuziba vitundu. Sasa pumisi yetu ya Rungwe ni vitundu vitupu. Ndiyo maana inaelea, na ndiyo maana inakunywa maji kuliko kokoto. Niliiloweka kwanza kwenye maji yenye bakteria, kisha kwenye urea na chumvi ya kalisi, ndipo ikaenda kwenye saruji. Vile vitundu viliwapa maficho, kwa sababu zege bichi lina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) inapita 12. Siku ya 28 mashine ilipovunja vipande, vya bakteria vilishinda vya kawaida, na maji vilinywa kidogo. Yule mwalimu alisaini bila kunitazama usoni.

Wala sikubuni mimi. Uholanzi, Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft aliweka bakteria waliolala ndani ya zege pamoja na chakula chao, kalisi lakteti. Ufa ukiingiza maji wanaamka, wanauziba.

Lakini wewe, mdogo wangu, bloku zako hazivunjiki kwa kukosa bakteria. Yadi za barabara hii nazijua. Mfuko mmoja wa saruji unatolewa bloku hadi aibu, pumisi inachanganywa kavu inyonye maji ya saruji, na kesho yake bloku zinaanikwa juani kama dagaa. Loweka pumisi usiku kucha. Funika bloku, mwagilia wiki nzima bila kuruka siku. Maji, maji, maji! Vijana tunapenda njia ya mkato, tunataka kiumbe asiyeonekana afanye kazi iliyomshinda mwenye mikono miwili na mpira wa maji.

Na usijaribu kuotesha bakteria kwenye ndoo. Bila maabara safi utaotesha uozo. Kalisi kloridi, ambayo ni chumvi ya kalisi, nayo usiipeleke kwenye zege lenye nondo, kloridi inakula nondo.

Njoo Uyole Jumamosi na bloku zako mbili tuzivunje tuone ndani. Nauli juu yako, chai juu yangu.