Frere Town inasomwaje, na jina limetoka wapi?

Swali: Salaam aleikum mwalimu. Mwanangu ameandika insha akasema Frere Town maana yake ni mji wa walioachwa huru. Mimi toka utotoni nasikia Fretauni, na jirani yuwashikilia eti ni Kifaransa. Nani yuko sawa?

Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Jirani yako mwache, lile neno la Kifaransa, frère, yaani kaka, lina kialama juu ya e na hili halina. Mwanao naye hakuokota tu, manake ile Freetown ya Sierra Leone, ya 1792, kweli ni mji wa walioachwa huru, na hii yetu ya Mombasa pia ilijengwa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, sasa mtu akisikia mawili hayo anayaunganisha palepale. Lakini jina letu ni la mtu, Sir Bartle Frere. Uingereza ilimtuma Zanzibar 1873 ambane Sultan Barghash atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, akaondoka mikono mitupu, saini ikaja kupatikana Juni mwaka huohuo kupitia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar. 1875 wamisheni wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, wakaanzisha makao upande wa Kisauni wakayaita kwa jina lake, na baadhi ya wakazi wa mwanzo walikuwa Waafrika waliolelewa misheni kule Nasik, India. Mi naona hao ndio wangestahili jina, lakini ndio hivo.

Kusoma sasa. Waingereza humwita kama "fria", ile a ya mwisho unaimeza, ndio maana mtoto anasikia "fri". Sisi tunasoma herufi tunavyoziona, na mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida yetu, kwa hivo Fre-ta-U-ni. Kwa mdomo sina neno, sema hivo hivo, hata mimi nasema. Kwa maandishi lakini iache Frere Town, tauni kwetu ni maradhi ya panya!

Alafu kuna jina ambalo wenyeji tumelitoa wenyewe. Ushawahi kusikia makanga akiita "Fretauni, Fretauni"? Wengi huita Kengeleni. Ile kengele iko mpaka leo pale njia panda, imetundikwa kwenye tao lake, ilikuwa ikigongwa watu wajihadhari wavamizi wa watumwa wakionekana. Kengele ukiitia -ni inakuwa mahali penye kengele, na mkazo unasogea, kutoka kenGEle hadi kengeLEni, sawa na kilindi na Kilindini.

Kwa hiyo insha abadilishe sentensi moja tu, aandike: "Frere Town imepewa jina la Bartle Frere, na ilianzishwa 1875 kwa watu waliookolewa utumwani." Na kama nafasi ipo aongeze Kengeleni, waalimu wengi hilo hawalitarajii.