Mchungaji Amehama, Funguo Ziko kwa Nani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji wetu amehamishwa mwezi uliopita na dayosisi bado haijatupangia mwingine. Usharika una mitaa mitatu na mwinjilisti mmoja. Tumepewa mchungaji wa usharika jirani atusimamie, ila anafika Jumapili moja kwa mwezi. Wazee tumeanza kuvutana: huyu anataka tupandishe ukuta wa kanisa jipya, yule anataka twende kwa askofu kumwomba mchungaji fulani. Tuanzie wapi?
Mzee wa kanisa, Rungwe

JIBU: Asifiwe milele, mzee wetu. Anzieni kwenye kabati la ofisi. Mahubiri mwinjilisti atayabeba. Kinachoukwamisha usharika ni vile vitu ambavyo mchungaji alivishika peke yake, na vingi hamtavijua mpaka siku mtakapovihitaji.

Mwombeni arudi siku moja mfanye makabidhiano mbele ya msimamizi. Orodhesheni rejesta za ubatizo na kipaimara, vitabu vya ndoa, mhuri, hati ya kiwanja, funguo (pamoja na zile za akiba) na vitabu vya stakabadhi. Kwenye stakabadhi, andikeni namba ya mwisho iliyotumika. Mstari huo mmoja unazima maneno mengi ya baadaye. Nakala tatu zisainiwe: yenu, ya jimbo na yake.

Benki ni kikwazo cha pili. Kama yeye ni mmoja wa watia saini, hela zenu zipo lakini hazitoki. Kaeni kikao, mteue mwingine, mpeleke muhtasari wenye mhuri pamoja na barua ya ngazi ya juu. Tawi lenu litawaambia la ziada. Na ile namba ya simu ya sadaka? Kama laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, hiyo ni laini yake, hata mkiwa na upendo kiasi gani. Fungueni namba ya malipo kwa jina la usharika na mtangaze Jumapili tatu mfululizo, maana wazee wengine wanaendelea kutuma kule kule walikozoea.

Sasa ile Jumapili moja. Msiipoteze kwa vikao. Meza ya Bwana, ubatizo na wagonjwa wa majumbani viingie siku hiyo, na mitaa ipokezane zamu ili kila mmoja upate ibada ya sakramenti walau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Mtaa ambao barabara yake hukatika wakati wa mvua upewe zamu kabla mvua haijakolea. Mtoto akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Msimamizi ajulishwe siku hiyo hiyo na jina liandikwe kwenye rejesta. Ndoa ni habari nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 na mfungishaji mwenye leseni. Mwinjilisti asisukumwe kufungisha kwa sababu ng'ombe ameshachinjwa.

Ukuta mpya uacheni. Malizeni kilichokwisha kuamuliwa na chenye fedha mkononi. Anayekuja asikute deni ambalo hakulijua. Kama mikono inawawasha, nyumba ya mchungaji ipo. Kwa mvua za Rungwe, nyumba iliyofungwa inaota ukungu upesi: godoro linanuka, milango inavimba haifungi, dari inachora ramani. Mtu mmoja afungue madirisha na kuwasha moto jikoni mara mbili kwa wiki. Kagueni misumari ya bati, choo na tangi. Msiipangishe hata kwa miezi miwili, kwa kuwa kumtoa mpangaji mwenye watoto wa shule ni kazi msiyoitaka.

Kwa askofu msiende na jina. Nusu ya usharika itakuwa imeshamkataa yeyote mwingine kabla hajashuka kwenye gari. Pelekeni, kupitia mkuu wa jimbo, ukurasa mmoja wa hali yenu: idadi ya washarika kwa kila mtaa, wanafunzi wa kipaimara, mapato ya mwaka jana, madeni (yote, hata lile la saruji), na kama bibi zetu wa mitaa ya juu wanahitaji anayesikia Kinyakyusa. Karatasi hiyo inamsaidia anayepanga.

SWALI: Kila msiba familia zinampigia mchungaji wa zamani aje kuzika. Msimamizi amenuna. Tufanyeje?
Katibu wa usharika, Mafinga

JIBU: Dada, ana haki ya kununa. Simu ya kwanza ya msiba iende kwa mzee wa mtaa, naye ampigie msimamizi. Familia ikimtaka wa zamani, msimamizi ndiye amwalike, aje kama mgeni na atoe salamu. Ibada na kaburi vibaki kwa msimamizi, au kwa mwinjilisti aliyetumwa naye. Utaratibu huu utangazwe kanisani wakati hakuna msiba. Ukitangazwa maiti ikiwa ndani, utaonekana mna ugomvi na marehemu. Mchungaji wa zamani naye aandikiwe barua ya heshima, kwa sababu mara nyingi anakuja kwa kushindwa tu kukataa simu ya mama anayelia.