Unakoroma, presha haishuki, usiku unaamka kukojoa: anzia kooni

Mwanaume mwenzangu, kama unakoroma, unaamka kukojoa kila usiku, kichwa kinauma asubuhi na presha inakataa kushuka hata kwa dawa, usiyatafutie kila moja tiba yake. Mimi nilikuwa nayo yote, na chanzo kilikuwa kimoja: koo linaloziba nikilala.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu hulegea kupita kiasi, ulimi unarudi nyuma na hewa inakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu, halafu unaendelea kulala bila kukumbuka lolote. Pumzi ikikatika mara 30 au zaidi kwa saa, hali hiyo huhesabiwa kuwa kali. Kila mshtuko unapandisha presha. Kifua kinapohangaika kutafuta hewa, moyo nao hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo kutoa maji, ndiyo maana kibofu hakikupi raha. Wengi wetu hapo tunaishutumu tezi dume. Ipimwe, lakini daktari aambiwe pia habari za kukoroma, na kama nguvu za kiume zimepungua, aambiwe na hilo. Mara nyingi vinakwenda pamoja.

Katika mabadiliko yote, ningekuomba uanze kwa kuacha pombe ya jioni. Hulegeza koo zaidi na kuuchelewesha ubongo kushtuka, kwa hiyo pumzi inakatika kwa muda mrefu zaidi. Mke wangu alikuwa akikesha akinisikiliza: mkoromo unapanda, unakatika ghafla, kimya, anasubiri mkono ukiwa begani kwangu, kisha navuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Usiku wa pombe kimya kile kilirefuka. Baadhi ya dawa za usingizi nazo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo usizimeze kabla ya kumuuliza daktari.

Lala ubavu. Kulala chali kunaurudisha ulimi kooni. Shona mfuko mgongoni mwa fulana, weka mpira wa tenisi ndani. Ukigeuka chali utageuka tena mwenyewe. Sigara iache, maana inavimbisha njia ya hewa.

Uzito ni kazi ndefu. Mafuta hujaa shingoni na hata ndani ya ulimi; shingo ya mwanaume ikizidi sentimita 43, hatari inaongezeka. Kwa wenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 10 tu huleta nafuu inayoonekana kwenye vipimo. Mazoezi yanasaidia hata mizani isiposogea. Ila mtu asiyelala vizuri huwa na njaa kali na mwili mzito, na kumwambia akimbie tu ni kumwonea. Ndiyo maana mimi nashauri mashine ya kusukuma hewa puani ili koo lisizibe iwe kwanza, kwa aliyeandikiwa na daktari, kisha mazoezi yafuate.

Mashine hiyo ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Australia, miaka ya mwanzo ya 1980, na wengi huiacha mapema kwa sababu ya barakoa. Ivae kwanza mchana, ukiwa macho, ukisoma au ukitazama televisheni, mpaka uso uizoee. Kaza mikanda ukiwa umelala, kwa sababu uso hubadilika umbo ukilaza kichwa, na usikaze mno. Ndevu na masharubu huvujisha hewa. Nyoa pale mpira wa barakoa unapokaa, au omba ile ya kuingia puani tu. Koo likikauka, uliza kuhusu chombo cha kuongeza unyevu.

Presha ikianza kushuka, dawa usiziache mwenyewe. Na kabla hujatibiwa, usiendeshe gari ukiwa na usingizi, hata kwa safari fupi.

Anayelala peke yake arekodi sauti yake kwa simu usiku kucha, aende nayo kwa daktari. Hata mwembamba aende, kwa sababu taya dogo au tonsili kubwa zinatosha kuziba koo.